"Right": neno dogo la Kiingereza lenye maana nyingi



Katika kazi yetu ya amani tunakutana kila siku na watu wa lugha nyingi. Mkutano mmoja wa kijiji unaweza kufunguliwa kwa Kiswahili, ukaendelea kwa lugha ya kabila, ukaandikwa kwa Kifaransa, na mwishowe ripoti yake ikatumwa ng'ambo kwa Kiingereza. Kila mara maneno yanapovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, kitu fulani kinaweza kuanguka njiani. Mara nyingi kinachoanguka ni kidogo na hakuna anayekiona. Lakini siku nyingine ndicho chenye uzito kuliko vyote.

Safari hii tumechagua neno moja tu la Kiingereza, neno ambalo watoto wa Kiingereza hulijua kabla hawajaanza shule: "right". Tumelichagua kwa sababu lilitupatia kazi kubwa, na tungependa wengine wajifunze kutokana na makosa yetu.

Tulichokiona katika mkutano mmoja

Familia mbili zilikuwa zikigombania shamba lililo kandokando ya mto. Wapatanishi wetu waliziita zote mbili chini ya mti, pamoja na wazee wa kijiji. Siku hiyo tulikuwa na mgeni kutoka ng'ambo ambaye hakujua Kiswahili wala Kifaransa. Aliketi nyuma, na mkalimani akawa anamnong'oneza.

Mzee wa familia ya kwanza alisimama na kueleza jinsi babu yake alivyolima pale. Mgeni alisikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa na kusema polepole: "Right... right... right." Kijana mmoja wa familia ile alikuwa amesoma miaka miwili Uganda. Aliwainamia wazee wake na kuwaambia: "Mgeni amesema tuna haki." Kisha mama wa familia ya pili naye akasimama, akaeleza namna mume wake alivyonunua sehemu ile. Mgeni akatikisa kichwa vilevile: "Right... right." Na huko nako kulikuwa na mtoto wa shule aliyejua maana ya neno lile.

Tulifunga mkutano tukidhani hakuna kilichoamuliwa. Kumbe kila familia ilirudi nyumbani ikiamini kwamba imeshinda. Siku ya tatu fito zilichomekwa shambani, usiku wake zikang'olewa, na kesho yake mapanga yakatolewa. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Ilitubidi kutumia majuma mawili kuzunguka nyumba kwa nyumba tukieleza kwamba mgeni hakumhukumia mtu yeyote. Alipokuwa akisema "right", alitaka kusema tu: "Ndiyo, nakusikia, endelea."

Hatukumlaumu mgeni, wala vijana wale. Kijana hakudanganya: "right" kweli ni haki. Mgeni naye hakukosea: "right" kweli ni njia ya kumwonyesha mtu kwamba unamsikiliza. Kosa lilikuwa letu sisi tulioandaa mkutano, kwa kuwa hatukufikiri kwamba neno dogo hivyo linaweza kubeba mizigo miwili kwa pamoja.

Kiingereza kimetukaribia

Huenda wengine watauliza: sisi ni watu wa Kifaransa na Kiswahili, Kiingereza kinatuhusu nini? Kinatuhusu zaidi ya zamani. Tangu Umoja wa Mataifa ulipounda MONUC mwaka 1999, ambayo mwaka 2010 ilibadilishwa jina na kuwa MONUSCO, Kiingereza kimesikika sana katika miji yetu ya mashariki. Mashirika mengi ya misaada huandika miradi yao kwa lugha hiyo. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, pamoja na jirani zetu wanaotumia Kiingereza katika ofisi, bandari na biashara. Mfanyabiashara wa Butembo, dereva wa lori na mkimbizi aliyekaa kambini Uganda, wote wanakutana nacho.

Tena maneno ya Kiingereza ya kawaida ndiyo magumu kuliko yale makubwa. Neno refu la kitaalamu huwa na maana moja, na mtu asiyelijua huuliza. Neno fupi kila mmoja anadhani analijua. Watunzi wa kamusi kubwa ya Oxford wamehesabu maana zaidi ya 600 za kitenzi kimoja tu, "run", ambacho sisi shuleni tunafundishwa kwamba ni kukimbia, basi. "Right" halina maana nyingi kiasi hicho, lakini zile lilizo nazo zinagusa mambo ambayo watu hupigana kwa ajili yake.

Neno hili lilitoka wapi

Katika Kiingereza cha kale "right" lilimaanisha kitu kilichonyooka, kama mstari au njia isiyo na kona. Lina undugu na neno la Kilatini "rectus", lenye maana hiyo hiyo. Kutoka kwenye kunyooka watu wakafika kwenye usahihi: jambo lililonyooka ni jambo sahihi. Kutoka hapo wakafika kwenye haki: kile ambacho mtu anastahili kupewa bila kupindishwa. Mkono ambao watu wengi hufanyia kazi ukaitwa mkono ulionyooka, yaani wa kulia.

Kinyume chake kilipita njia hiyo hiyo. "Wrong", yaani kosa au dhuluma, ni neno lililotoka katika lugha za watu wa kaskazini ya Ulaya, na mwanzoni lilimaanisha kitu kilichopinda. "Left", yaani kushoto, zamani lilimaanisha dhaifu.

Sisi tunaosoma Kifaransa hatuna sababu ya kushangaa, kwa kuwa neno "droit" lilifanya safari ileile. "Tout droit" ni moja kwa moja. "À droite" ni kulia. "Le droit" ni sheria inayosomwa chuo kikuu. "Un droit" ni haki ya mtu. Na hata siasa ya mrengo wa kulia ilianza kwa Wafaransa mwaka 1789, pale wajumbe waliomuunga mkono mfalme walipoketi upande wa kulia wa mwenyekiti wa bunge lao. Waingereza nao wakaufuata mtindo huo wa kusema.

Kiswahili je? Sisi pia tunasema mtu mnyofu, na tunasema fulani amepindisha sheria. Wazo ni lile lile. Lakini neno letu "haki" lilikuja kwa njia nyingine. Limetoka katika Kiarabu, ambako linamaanisha ukweli, na pia kile anachostahili mtu. Ndiyo maana mtu akiapa husema "Haki ya Mungu!", yaani nasema kweli. Ndiyo maana pia tunasema "nipe haki yangu", yaani sehemu yangu. Upande wa kulia hauhusiki kabisa na haki katika Kiswahili: mkono wa kulia ni mkono wa kula. Wengine husema mkono wa kuume, yaani wa kiume, na wa kushoto ukaitwa mkono wa kike, kama vile Kilingala kinavyosema "loboko ya mobali" na "loboko ya mwasi". Hapo kila lugha inaonyesha jambo ambalo inafaa tulitafakari. Kiingereza kiliupa mkono mmoja usahihi na kuuita mwingine dhaifu. Sisi tuliupa mmoja mwanaume na mwingine mwanamke. Mama anayesimama mbele ya baraza la wazee kudai shamba la marehemu mume wake anapambana na mazoea ya zamani kama hayo pia.

Maana sita za kuzitambua

Tumezipanga hapa maana ambazo msomaji wetu atakutana nazo mara nyingi.

1. Kulia. "Turn right" ni geuka kulia. Hapa yafaa madereva waangalie. Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, Uganda wanaendesha kushoto. Dereva anayevuka mpaka wa Kasindi akiambiwa na askari wa ng'ambo ya pili "keep to the right side" anaweza kusikia "kaa kulia", kumbe askari anamwambia "kaa upande ulio sahihi", na upande ulio sahihi kule ni kushoto. Mtu anaweza kupoteza maisha yake kwa neno hilo moja.

2. Sahihi, kweli. "You are right" ni umesema kweli, huna kosa. Kwa Kifaransa tungesema "vous avez raison".

3. Jema, adili. "It is not right to beat a child" ni kwamba kumpiga mtoto si vema. Hapa hatusemi habari ya sheria wala hesabu, tunasema habari ya dhamiri.

4. Haki ya mtu. "You have a right" ni unayo haki. Likiwa na herufi "s" mwishoni, "rights", karibu siku zote ni haki, kama katika "human rights", haki za binadamu.

5. Hasa, papo hapo. "Right now" ni sasa hivi. "Right here" ni hapa hapa. "I will be right back" ni narudi sasa hivi, wala hakuna anayerudi kulia.

6. Neno la kusindikiza mazungumzo. Mwalimu akiingia darasani na kusema "Right!", anasema "Haya!", tuanze. Mtu akimaliza sentensi na kuuliza "right?", anauliza "si ndiyo?" Na yule mgeni wetu chini ya mti, alikuwa akisema kama sisi tunavyosema "eeh... eeh..." tukimsikiliza mtu.

Kuna pia semi ambazo haziwezi kutafsiriwa neno kwa neno. "Serves you right" husikika kana kwamba mtu anapewa haki yake, kumbe ni maneno ya kusimanga: umeyataka mwenyewe, shauri yako. Mtu aliyeibiwa akiambiwa hivyo anatukanwa, hatetewi. "Might is right" ni kusema mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Sisi tuna methali inayokaribia hapo: mwenye nguvu mpishe. Waliopita katika vita vya mashariki ya Kongo wanajua vizuri methali hiyo ina ladha gani.

Namna ya kuitambua maana

Wakalimani wetu wamepata njia rahisi. Ukisikia "right" usikimbilie kutafsiri. Jiulize kwanza: kinyume chake hapa kingekuwa nini?

Kama kinyume ni "kushoto", basi ni kulia. Kama kinyume ni "kosa" au "uongo", basi ni sahihi. Kama kinyume ni "dhambi" au "ubaya", basi ni jema. Kama kinyume ni "hisani", yaani kitu unachopewa kwa kuonewa huruma tu, basi ni haki. Kama kinyume ni "baadaye" au "mbali", basi ni papo hapo. Na kama unaweza kuliondoa neno lile bila sentensi kupoteza kitu, basi ni neno la kusindikiza tu, na usilitafsiri kamwe kuwa haki.

Njia hii ingalitusaidia sana siku ile.

"Una haki" si sawa na "umesema kweli"

Kiingereza hakiko peke yake katika shida hii. Neno letu wenyewe lina mtego. Mara nyingi mpatanishi, akitaka kumtuliza mtu aliyekasirika, humwambia: "Baba, uko na haki." Anataka kusema: baba, naelewa kwa nini umekasirika. Lakini aliye upande wa pili anasikia hukumu.

Kwa hiyo tunawashauri wapatanishi watenganishe mambo mawili. La kwanza ni haki ya kusikilizwa. Hiyo wanayo wote, aliyedhulumu na aliyedhulumiwa. La pili ni kuwa na ukweli juu ya jambo lenyewe. Hapo huenda ni mmoja tu aliye nao, au kila mmoja ana kipande. Mtu anaweza kuwa na haki ya kusema na bado asiseme kweli. Tunapomwambia "una haki ya kusema", tumalize sentensi yote, tusiishie katikati.

Neno "ndiyo" pia lichungwe. Ukimuuliza Mswahili "Hukwenda shambani jana?", naye hakwenda, atajibu "Ndiyo", maana yake ni kama ulivyosema, sikwenda. Mwingereza angejibu kwa neno la kukataa. Mkalimani akiandika ndiyo kwa ndiyo, mtu aliyebaki nyumbani anageuka shahidi, au mshitakiwa.

Haki nyingi juu ya shamba moja

Tumesema Kiingereza huongeza herufi "s": "rights". Herufi hiyo ndogo inatufundisha jambo kubwa kuhusu ardhi, kwa sababu magomvi mengi ya Kivu na Ituri yanatokana na kufikiri kwamba haki juu ya shamba ni moja tu, na kwamba aliye nayo anayo yote.

Tuangalie sheria. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, isiyoweza kuhamishwa. Mtu hupewa haki ya kuutumia. Kuhusu ardhi zinazokaliwa na jamii za vijijini, kifungu cha 389 kilisema haki za matumizi zitapangwa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Miaka mingi ikapita amri hiyo haijatolewa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja au ya kundi iliyopatikana kwa kufuata sheria au desturi. Basi mbele ya shamba moja anaweza kusimama mtu mwenye karatasi ya Serikali, na mwingine aliyepewa na mwami kwa desturi, na kila mmoja anasema: haki yangu.

Desturi nayo haina haki moja. Huko Bushi, kwa mfano, wazee wanatofautisha "kalinzi" na "bwasa". Kwa kalinzi mtu alimpa mwami au mkubwa wa ardhi ng'ombe, na haki ya kulitumia shamba ikapita kwa watoto wake. Kwa bwasa mtu aliazimwa sehemu kwa muda, apande mazao yanayokomaa upesi, kisha airudishe. Wote wawili walilima. Wote wawili walikuwa na haki. Lakini haikuwa haki ileile. Ongeza haki ya jirani kupita kwenda mtoni, haki ya wanawake kuchota maji, haki ya mfugaji kunywesha ng'ombe wake baada ya mavuno. Haki hizi zaweza kukaa pamoja juu ya udongo mmoja bila vita, mradi kila moja iitwe kwa jina lake.

Ndivyo tulivyofanya kwa zile familia mbili. Badala ya kuuliza "nani ana haki?", tuliuliza: "Nani ana haki ya nini?" Mazungumzo yalibadilika. Ilionekana babu wa familia ya kwanza alikuwa na haki ya desturi juu ya sehemu ya juu, na mume wa mama yule alikuwa amenunua kweli sehemu ya chini, ila mpaka haukuwahi kupandwa miti. Njia ya mtoni ilikuwa ya wote. Hawakukumbatiana siku hiyo, lakini walipanda miti ya mpaka wakiwa pamoja.

Haki ya kupata haki

Shida nyingine inakuja tunapozungumza juu ya makosa makubwa ya vita. Mwaka 1997 Mfaransa Louis Joinet aliuandikia Umoja wa Mataifa taarifa inayotumiwa mpaka leo na watu wanaopigana na tabia ya kuwaacha wahalifu bila adhabu. Alitaja haki za waliotendewa maovu: haki ya kujua ukweli, haki ya kufikishiwa jambo lao mahakamani, haki ya kupata fidia, na pamoja nazo hakikisho kwamba maovu hayatarudiwa. Ile ya pili kwa Kiingereza inatumia maneno mawili tofauti, moja la haki ya mtu na lingine la haki inayotolewa na hakimu. Kwa Kiswahili tunaishia kusema "haki ya kupata haki". Wanakijiji hucheka tukisema hivyo, na wana sababu ya kucheka. Sisi sasa tunasema "haki ya kutendewa haki mahakamani". Ni ndefu, lakini inaeleweka.

Mambo haya si ya darasani tu. Katika kesi ya Thomas Lubanga, iliyoanza La Haye mwezi wa Januari 2009 na kutolewa hukumu tarehe 14 Machi 2012, baadhi ya mashahidi walisema kwa Kiswahili, wakati lugha za kazi za mahakama ile ni Kiingereza na Kifaransa. Maneno ya shahidi wa Ituri yalifika kwa waamuzi kupitia kinywa cha mkalimani. Hapa kwetu pia, kifungu cha 18 cha Katiba yetu kinasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa, aambiwe na haki zake, na kwamba asishikiliwe na polisi zaidi ya saa 48. Lugha hapo si hisani. Ni haki.

"It's all right" na "it's right"

Tumeweka mwisho maana ambayo kwetu ni nzito kuliko zote. Mwingereza akikanyagwa mguu sokoni, ukimwomba radhi, atasema "It's all right". Maana yake ni: si kitu, haidhuru, yamekwisha. Hasemi kwamba ulifanya vizuri kumkanyaga. Ukiondoa neno dogo "all", inabaki "It's right", na maana inageuka kabisa: ni haki, ni sawa kufanya hivyo. Kati ya sentensi hizi mbili kuna tofauti iliyopo kati ya kusamehe na kuhalalisha.

Tumekutana na akina mama waliotendewa mabaya sana, ambao wanaogopa kusamehe kwa sababu wanadhani kusamehe ni kusema kwamba yale yaliyotendeka yalikuwa sawa. Tumekutana pia na wakosaji ambao, wakisikia "yamekwisha", wanarudi nyumbani wakisema: unaona, hata wao wamekubali hatukukosa. Wote wamechanganya. Neno letu "sawa" linasaidia kuwachanganya, kwa sababu nasi hulitumia kwa yote mawili: "sawa, nimekusamehe" na "ulichofanya ni sawa".

Kwa hiyo katika sherehe za upatanisho tumejifunza kutolitumia "sawa" peke yake. Tunamwomba aliyeumizwa, kama yuko tayari na kwa wakati wake mwenyewe, aseme mambo mawili moja baada ya jingine: "Ulichonitendea kilikuwa kibaya. Sitalipiza." Na mkosaji anaitika la kwanza kabla ya kushukuru kwa la pili. Wengine husema dawa ya moto ni moto. Waingereza wana usemi unaopinga hapo, kwamba makosa mawili hayazai "right" moja, na "right" hiyo ni jema. Tumeona nyumba nyingi zilizoungua kuweza kukubaliana nao.

Ushauri kwa wakalimani na waandishi wa ripoti

Mkutano ukiwa na wageni, waeleze kabla ya kuanza wasitoe neno wala ishara wakati upande mmoja unazungumza. Kama ni desturi yao kuitikia, waeleze wanakijiji kwamba kuitikia si kuhukumu.

Mkalimani asione haya kusimamisha mkutano na kuuliza: "Unataka kusema nini hapo?" Afadhali kuchelewa dakika moja kuliko kuzunguka kijiji majuma mawili.

Mwandishi wa ripoti anapokuta "haki" katika daftari lake, aandike ni haki ya nini, ya nani, na inatoka wapi: katika sheria, katika desturi, au katika ahadi iliyotolewa mbele ya mashahidi.

Mkubaliano wowote usomwe kwa sauti katika kila lugha ya waliopo kabla ya kutia sahihi au alama ya kidole. Tukumbuke Wahabeshi na Waitalia: mkataba wao wa Wuchale wa mwaka 1889 uliandikwa kwa Kiamhara na kwa Kiitalia, na kifungu cha 17 hakikusema jambo moja. Kwa Kiamhara mfalme Menelik aliweza kuwatumia Waitalia katika mambo ya nje akipenda. Kwa Kiitalia alilazimika. Ugomvi uliotokea hapo uliishia kwenye vita vya Adwa, tarehe 1 Machi 1896.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

1. Katika lugha yenu ya nyumbani, neno la "haki" linatoka wapi? Je, linatumika pia kwa ukweli, au kwa nguvu na uwezo?
2. Je, imewahi kutokea mtu akasema "sawa" au "ndiyo" kwa heshima tu, na wengine wakadhani amekubali? Nini kilifuata?
3. Chukueni shamba, kisima au njia mnayoijua. Tajeni haki zote zilizopo juu yake, na wenye haki hizo. Ni zipi zinaweza kukaa pamoja?
4. Mtu anawezaje kusamehe bila kusema kwamba uovu ulikuwa sawa?

Ndugu wasomaji, tutafurahi kupokea majibu ya vikundi vyenu, na mifano ya maneno mengine yaliyowahi kuwagombanisha watu bila wao kujua. Yule kijana aliyesoma Uganda ni mmoja wa wakalimani wetu leo. Akisikia "right", husubiri kidogo kabla ya kufungua kinywa.

Amani iwe kwenu.